Kutoka hema ya Waitaliano mpaka punda wa Lamu: sarakasi ni vifaa

Nataka niandike hii kwa vijana wetu wa sarakasi hapa Malindi na Watamu, wale wa shoo za hoteli usiku, alafu mchana wako ufuoni wanapiga mazoezi kwa mchanga. Mimi ni mmoja wao mpaka leo. Miili tunayo, nguvu tunazo, piramidi ya watu sita saba tunaijenga bila kufundishwa na mtu, lakini vifaa hatuna, na asokuwa na vifaa ataajiriwa tu mpaka mgongo uchoke, basi. Hili nililiona kwa macho yangu nikiwa kwa familia moja ya Kiitaliano yenye sarakasi yao ya kuzunguka miji, na naliandika manake naona wenzetu wanaenda Ulaya kwa kontrakti wanarudi na simu mpya na viatu, lile la maana wameliacha hukohuko.

Kwa wasioijua Malindi, Waitaliano hapa sio wageni. Pale Ngomeni kuna kituo cha San Marco, setilaiti ilirushwa kutoka pale baharini tangu 1967, na hoteli nazo zikafuata, kwa hivyo Kiitaliano tunakiokota barabarani tukiwa watoto. Shoo zetu mnazijua: kuruka kamba, pete, kupanga viti, piramidi, mwisho limbo ya moto, ile ya kupita chini ya fimbo inayowaka. Zinalipa Disemba mpaka Februari, zinalipa tena Agosti, alafu kuanzia mwezi wa nne mvua inaanza, hoteli nyingi zinafunga na wewe unakaa nyumbani. Mimi nilipatiwa kazi na mtu aliyetuona hotelini, mambo ya paspoti na viza yakazunguka weee mpaka yakaisha, nikaenda.

Ile familia ilikua vizazi vinne kwenye msafara mmoja, malori na nyumba za kuvuta. Mkubwa wao tulimuita nonno, yaani babu, kila mtu alimuita hivyo hata sisi tusio damu yake. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyekua na kazi moja. Yule dada anayeruka kwenye trapezi, ile bembea ya juu, usiku ndo mwenye leseni ya lori kubwa, asubuhi anaendesha. Bibi anakata tiketi, jioni anashona mavazi. Kuna mjukuu wa kike, mdogo tu, yeye alijua kila boksi linaingia lori gani na linaingia la ngapi, manake kitakachohitajika kwanza ukifika lazima kiwe kimeingia mwisho, ukikosea mpangilio mnapoteza asubuhi nzima. Huu mpangilio wenyewe una historia. Mwaka 1872 sarakasi ya Barnum kule Marekani ilianza kusafiri kwa treni, na aliyeipanga ile kazi ni William Cameron Coup, wakawa wanapandisha mikokoteni kutoka mwisho mmoja wa treni na kuisukuma juu ya mabehewa mpaka mbele, kila mkokoteni na nafasi yake. Siri ya kuhama ni kupakia, na yule mtoto aliijua kuliko mimi mtu mzima.

Sasa hema. Nieleze vizuri hapa manake hapa ndo shule yenyewe.

Siku ya kuhamia mji mpya malori yanafika uwanjani asubuhi mapema, na wa kwanza kushuka sio vijana, ni nonno. Anautembea ule uwanja wote kwa miguu, anakanyagakanyaga, anaangalia mvua ikinyesha maji yataelekea wapi, anauliza nyaya za stima na mabomba yanapita wapi chini, alafu anapigilia kigingi kimoja katikati. Kutoka hicho kigingi kila kitu kinapimwa kwa tepu: nguzo kuu nne zikae wapi, duara la vigingi liwe umbali gani, mlango uangalie upande gani. Nguzo kuu ni za chuma, zinasimamishwa moja moja kwa winchi, ile mashine ya kuvuta waya, na kila moja inashikwa na waya za chuma pande zote kabla mtu hajaachilia chochote. Alafu turubai, siku hizi ni kitambaa cha polyester kilichopakwa plastiki ya PVC, inakuja vipande vipande vizito sana, vinatandazwa chini na kuunganishwa kwa vitanzi na kamba, na ile kuba ya chuma ya katikati inapandishwa na winchi za nguzo zote nne kwa pamoja. Hapo mtu mmoja tu anaongea. Wengine wote kimya, manake upande mmoja ukitangulia uzito unalalia nguzo moja na hapo ndo ajali. Ikishapanda zinaingia nguzo za kati, zile zinazosimama mshazari kusukuma kitambaa kikazike, alafu za pembeni.

Kukazika ndo kila kitu. Turubai likilegea upepo unalipigapiga mpaka linachanika, na mvua ikinyesha maji yanatuama juu. Nonno alinifanyia hesabu kwa kidole kwenye vumbi la lori: maji ya kina cha sentimita 10 tu juu ya mita moja ya mraba ni kilo 100. Sasa fikiria mita za mraba ishirini zimelegea juu ya vichwa vya watu, hizo ni tani mbili.

Na vigingi jamani. Sisi tunadhani kigingi ni kijiti. Vile vya hema ni vyuma vya urefu wa karibu mita moja, na vinapigwa vikiwa vimelala kidogo, kichwa kikiangalia nje mbali na hema, ili kamba ikivuta iwe inavuta dhidi ya udongo. Zamani walizunguka kigingi watu kadhaa na nyundo kubwa, kila mtu anapiga kwa zamu yake bila kugusana, siku hizi ni mashine. Lakini mashine haikagui. Kila asubuhi kabla ya kahawa nonno alizunguka hema nzima akishika kila kamba kwa mkono, anavuta kidogo, anasikiliza, anaenda nyingine. Baada ya muda akawa ananichukua, mimi nashika kwanza, yeye anashika baada yangu, alafu ananiuliza hii vipi. Hakunifundisha kwa maneno mengi.

Nitasema ukweli, wenzangu wengine waliotoka huku nyumbani hawakutaka hii kazi. Walisema mimi ni msanii, kontrakti yangu inasema nipige shoo, kubeba vyuma sio yangu. Nawaelewa, kuna mabosi wanatumia watu vibaya, kazi ya ziada bila malipo sio sawa na lazima iandikwe kwa kontrakti. Lakini ukipata familia inayokulipa na inakuruhusu kujenga hema pamoja nao, shika kwa mikono miwili. Kuruka ulikua unajua tangu Malindi.

Msimu wa baridi shoo zikiisha tulikaa kwenye lori la karakana tukitengeneza vitu, na hapo ndo historia niliipata, nyingine kwa nonno nyingine nikatafuta mwenyewe. Watu wanadhani sarakasi ilianza na hema, sio kweli. Sarakasi hii ya kisasa ilianzia London 1768 na Philip Astley, mtu aliyekua sajini wa wapanda farasi jeshini. Yeye aliona farasi akikimbia duara, anayesimama mgongoni anaweza kuegemea ndani na ule mkimbio wenyewe unamshikilia asianguke. Duara likaja kutulia kwenye futi 42, yaani kama mita 13 hivi, na mpaka leo sarakasi za Ulaya zinatumia kipimo hicho hata pale farasi hawapo. Na tangu siku hizo ilikua ni familia: mkewe Patty alikua kwenye kazi, mtoto wao John akaingia akiwa bado mdogo. Astley akafungua Paris pia, na pale Paris kazi ikaja kushikwa na Muitaliano, Antonio Franconi, na wanawe wakaendeleza. Nonno alikua akilitaja jina la Franconi kwa heshima kabisa.

Lakini hao wote walichezea kwenye majengo. Hema ilikuja 1825 Marekani, kule Wilmington, Delaware, na Joshuah Purdy Brown. Sababu yake nyepesi sana: miji iko mbalimbali, watu wachache, ukijenga jengo la mbao kila mji unafilisika, ukiwa na turubai unajenga leo unabomoa kesho. Hapo ndo familia iliweza kuwa na ukumbi wake mwenyewe, iupakie, isimuombe mtu. Ndugu watano wa Ringling walianza 1884 pale Baraboo, Wisconsin, vijana wa nyumba moja, na mwaka 1907 wakainunua sarakasi ya Barnum & Bailey yenyewe.

Familia iliyonigusa mimi zaidi ni Knie wa Uswisi. Hawa walianza 1803, na kwa zaidi ya miaka 100 hawakua na hema, walicheza nje hadharani, kamba imefungwa juu, watu wamesimama wanatazama, kofia inapitishwa. Hema yao ya kwanza ilisimama mjini Bern 1919. Na mpaka leo wako. Nilipoisikia hii nilifikiria moja kwa moja ufuo wetu na viwanja vyetu, kwamba kukosa hema sio kukosa sarakasi, lakini kamba na nguzo walikua nazo tangu mwanzo, tena zao.

Kitu kingine ambacho sisi hatuna na wao wanacho ni sheria. Italia ina sheria ya 1968, namba 337, inayosema wazi kwamba sarakasi za kuzunguka zina faida kwa jamii, na inataka kila manispaa iwe na orodha ya viwanja ambavyo zinaweza kusimama. Sisemi kwamba kule kila kitu ni laini, wanapata taabu ya viwanja pia, lakini wana mahali pa kuanzia mazungumzo. Huku kwetu uwanja unaombwa kwa chifu, au kwa mwalimu mkuu, alafu kibali cha kaunti, na kila mji ni kuanza upya.

Kuna visa viwili nonno alivirudia mpaka nikavijua kwa moyo, na mimi navirudia kwa vijana wangu.

Cha kwanza ni moto wa Hartford, Marekani, tarehe 6 Julai 1944, hema ya Ringling ikiwa imejaa watu mchana. Turubai lilikua limepakwa nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa petroli ili mvua isipenye. Moto uliposhika haukuzimika, hema yote iliisha kwa dakika chache, wakafa watu zaidi ya 160, wakiwemo watoto wengi. Mwaka 1956 sarakasi hiyo ikaacha mahema kabisa ikahamia kumbi za ndani. Sasa mfikirie limbo yetu ya moto. Hoteli nyingi tunaifanya chini ya makuti! Makuti makavu ya kaskazi, watu wamekaa, mafuta ya taa yako kwenye chupa ya soda pembeni. Mimi nilikataa. Kikundi changu moto ni nje, mbali na paa, ndoo mbili za mchanga na blanketi la maji, na meneja asipotaka basi limbo haipo usiku huo.

Cha pili ni Karl Wallenda, mkubwa wa ile familia ya kutembea juu ya waya. Alianguka 22 Machi 1978 pale San Juan, Puerto Rico, akiwa na miaka 73, waya umefungwa baina ya majengo mawili ya hoteli, upepo ukivuma. Familia yake mwenyewe inasema upepo haukua peke yake, kamba za kushikilia waya zisiyumbe hazikua zimefungwa sawa. Mtu aliyetembea juu ya waya maisha yake yote. Miguu yake ilikua inajua kazi, zilizokosea ni zile kamba za pembeni ambazo hakuna mtazamaji anayeziangalia.

Niliporudi Malindi sikununua mavazi wala spika. Nilikaa na ndugu zangu na mabinamu, tukaanza na nguzo ya kupanda, ile ya chuma ya mita sita, fundi wa kuchomelea akatuchomelea hapa mjini, tukaivalisha mpira wa tyubu za lori ili isiteleze. Nguzo kama hii inasimama kwa waya tatu, na waya zinataka kushikwa chini. Hapo ndo mchanga wa Malindi ukatupa mtihani, kigingi cha mita moja kwenye mchanga mkavu unakivuta kwa mkono. Dawa yake ni kuzika: tunachimba shimo refu mpaka kiunoni, tunalaza kipande cha gogo la mnazi kikiwa kimekingama na mvuto, waya inafungwa katikati ya gogo na kupandishwa kwa mfereji mwembamba wa mshazari, alafu tunafukia na kushindilia kwa maji. Huo mnazi hautoki mpaka uuchimbue wewe.

Kwa upande wa kamba niko na bahati, mjomba wangu ni wa Matondoni kule Lamu, fundi wa majahazi, na watu wa majahazi ndo mafundi wa kamba wa kweli kweli. Alikuja Malindi kwa matibabu, akaja kututazama mazoezini, akaketi kwa kiti kimya. Baadae akaniita. "Mwanangu, hii roda yenu, hili gurudumu la kupitishia kamba, ni ndogo, kamba inakunjika sana ikipita hapo, itajila kwa ndani na nyinyi hamuoni." Nikamwambia shikamoo mjomba, wewe na nonno mngekaa pamoja, nonno naye alikua akisema neno hilohilo. Akatufundisha pia tusitumie nailoni kwa kushikilia nguzo, manake inavutika, leo umekaza kesho imelegea, nailoni iwe ya kazi nyingine. Mlingoti, tanga, henza ya kupandishia tanga, roda, vyote hivi tunavyo Pwani tangu mababu, na vijana wa sarakasi wanapita kando ya majahazi kila siku bila kuuliza.

Na hema ni tanga tu lililofungwa chini, upepo ukipata mlango linataka kuondoka. Mjomba alilielewa hilo kabla sijamaliza kumuonyesha picha.

Tukapanga kwenda Lamu, na hii safari ndo ilitufundisha vifaa kuliko zote. Unatoka Malindi kwa gari, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, alafu gari linakomea hapo. Kisiwani unaenda kwa boti, na mjini Lamu mzigo unabebwa na punda au mkokoteni wa mkono kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja anageuka ubavu. Nguzo ya mita sita haipindi kona ya kichochoro. Kwa hivyo kabla ya safari tuliikata vipande vitatu vya mita mbili, kila mwisho tukachomelea sahani ya chuma yenye matundu sita ya bolti, na bolti zenyewe zikapata mfuko wake na orodha yake. Kila kifurushi tulikipima kwa mizani ya duka, pande mbili za punda lazima zilingane, mwenye punda wake alitusimamia na hakukubali utani kwa hilo, na alikua na haki.

Mkunguni pale mbele ya ngome chini ni sakafu, huwezi kupiga kigingi wala kuchimba, na hata ungeweza usingethubutu, mji ule ni urithi. Tukatumia mapipa ya lita 200 yaliyojazwa maji, kila moja kilo 200. Lakini angalieni hapa, pipa haliinuki, linaburutika, waya ikivuta mshazari pipa linateleza kwa sakafu kabla hata uzito wake haujafanya kazi. Tuliweka mapipa mawili mawili yamefungwa pamoja, chini yake vipande vya mpira wa tairi, juu yake magunia ya mchanga, alafu tukaning'inia watu watatu kwa nguzo kujaribu kabla ya mtoto yeyote kuruhusiwa kupanda. Mjomba alikuja na mafundi wenzake wawili, wakazunguka wakishika waya mmoja mmoja. Shoo ikawa baina ya alasiri na magharibi ili sala zisiguswe, nguo zetu za kufunika, muziki ni ngoma tu, na watu walijaa mpaka juu ya ngazi za ngome. Wazee walikuja kuuliza habari ya zile bolti kuliko habari ya kuruka.

Sasa hivi nyumbani tunabishana. Dada yangu anataka tutafute hema iliyotumika, ndogo, ya nguzo mbili. Mimi nasema hema bila lori lako ni deni, na hema ya zamani lazima kwanza uone cheti chake cha kitambaa kisichoshika moto, ukikosa cheti kata kipande pembeni ukijaribu mwenyewe kwa kiberiti. Binamu yetu anataka viti vya mbao kwanza, anasema watu wakikaa wanalipa, na katika hilo naona ana hoja. Pesa ziko kwenye chama, bado hazitoshi kwa lolote kati ya hayo matatu. Kusi ikitulia tunaanza Mambrui, Gongoni, alafu Garsen, na nguzo ya pili fundi anaimalizia wiki hii, hii imekatwa vipande vitatu tangu mwanzo.